Mchagua Jembe Ndiye Mkulima

Kuna methali ambayo ningeomba ipumzishwe walau miaka kumi: mchagua jembe si mkulima. Nimeisikia darasani, nimeisikia kwenye hotuba za wageni rasmi, na mara nyingi zaidi naisikia karakanani kwetu hapa Ilongero, kutoka kwa mteja aliyesimama mlangoni na funguo za pikipiki mkononi, akinitazama nikinoa patasi. "Fundi wa kweli hachagui zana," ananiambia, "piga kazi." Maana yake ni kwamba ninampotezea muda.

Aliyeitunga hakuwa amesimama mnadani wiki mbili kabla ya mvua za kwanza. Mtazame mama wa Kinyaturu anavyonunua jembe. Analinyanyua kupima uzito. Anachungulia tundu la mpini. Kisha analining'iniza kwenye kidole na kuligonga kwa kijiwe, anasikiliza. Likilia kama sufuria, analirudisha chini bila hata kuuliza bei. Kwa miaka mingi watu wa nchi hizi walikwenda dukani wakitaja chapa, wakitaka jembe la mamba lililotoka Uingereza, na wakipewa jingine walirudi nyumbani wakinung'unika. Karne ya 19 majembe ya wahunzi wa Usumbwa na Unyamwezi yalibebwa mbali na misafara, yakapokelewa kama fedha na kama mahari. Hakuna baba aliyemwoza binti yake kwa jembe lolote tu. Mkulima huchagua, tena huchagua sana. Anayemwambia asichague, mara nyingi ni yule anayemuuzia.

Mimi nina shahada ya ualimu, na ninafanya kazi katika karakana ya baba mdogo. Shahada inasubiri ajira, karakana inanilisha. Baba mdogo ananiita "Mwalimu" kwa dhihaka ya upendo, na somo la kwanza alilonipa lilichukua wiki tatu: kunoa. Sikugusa ubao. Niliposema kwamba vijana wenzangu mjini Singida wana mashine za umeme na wanamaliza kitanda kwa siku moja, alinijibu, "Mwalimu, na hicho kitanda umekilalia?"

Sasa nieleze kinachonikera. Miaka michache iliyopita mradi mmoja ulipita huku ukigawa masanduku ya zana kwa vikundi vya vijana. Kulikuwa na turubai, spika na picha za pamoja. Sanduku moja lilifika kwetu baada ya wiki chache, limebebwa na kijana aliyetaka tumsaidie "kurekebisha" randa. Tuliitoa kila zana tukaipanga mezani, na ninataka uisome orodha hii polepole, kwa sababu huko mjini nawe utaulizwa ushauri na mdogo wako au utachangishwa kwa ajili ya mradi kama huo.

Randa: nililaza rula ya chuma kwenye uso wake wa chini, nikainyanyua kuelekea dirishani. Mwanga ulipita katikati kama mlango uliopinda. Randa yenye bonde haiwezi kunyoosha ubao, inaukwaruza tu. Kisu chake nilikijaribu kwa tupa, na tupa iling'ata kama inavyong'ata msumari. Chuma kilichotiwa moto na kuzimwa vizuri huitelezesha tupa, au angalau huikatalia. Kile kilikuwa bati nene.

Patasi nne zenye mipini ya plastiki ya njano. Tulizinoa tukazipiga kwenye mninga. Mninga si mti wa mzaha, na pigo la pili liliikunja ncha ya patasi ya kwanza.

Halafu msumeno. Huu ndio ulaghai unaoniudhi kuliko yote, maana unaonekana mzuri. Meno yake yana rangi ya bluu kwenye ncha, yamekaushwa kwa moto kiwandani yawe magumu. Siku za kwanza unakata siagi. Ukiisha makali, tupa haiyagusi, inateleza. Hauwezi kunolewa. Umetengenezwa utupwe, kisha ukapelekwa kwa kijana ambaye duka la karibu la kununulia mwingine lipo Singida mjini na nauli hana. Baba mdogo ana msumeno alioununua kabla sijazaliwa. Amepiga tupa ya pembe tatu kwenye meno yale hadi upana wake umepungua kwa vidole viwili, na bado unakata mstari ulionyooka.

Ndani ya sanduku kulikuwa pia na drili na grainda. Grainda ndogo ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Imetengenezwa kwa kusaga na kukata chuma, na ina kinga ya bati. Kijana mwingine wa kundi lile, msumeno wake ulipokuwa butu, aliondoa kinga, akafunga diski ya msumeno wa mbao iliyokuwa kubwa kuliko kinga na isiyotengenezwa kwa mwendo ule, akapasulia mbao. Fanya hivyo mara mia na utajiona mjanja. Diski ikibanwa na ubao, grainda inaruka kuelekea kwako, na huna hata nafasi ya kuachia swichi. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Majirani walisema bahati mbaya. Waliogawa zana walisema uzembe.

Ninakataa yote mawili. Fuata mnyororo kutoka mwanzo. Alipewa msumeno usionoleka. Hakufundishwa kunoa, kwa hiyo hata patasi zilikufa. Kilichobaki na makali sandukuni kilikuwa kile cha umeme. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na inataka mashine hatari ziwe na kinga. Lakini kinga inafunguliwa kwa spana dakika chache baada ya mashine kutoka dukani, na inafunguliwa na mtu asiye na njia nyingine ya kumaliza oda ya watu.

Usinielewe vibaya, sina ugomvi na mashine. Tunayo ya kupasulia na kurandia, ya kuchomelewa hapahapa nchini, yenye mota moja na mkanda. Baba mdogo aliichagua kama anavyochagua ng'ombe. Aliishika shafti akaitikisa: ikicheza, beringi zimekwisha au hazikukaa sawa. Akaiwasha, akaizima, akasikiliza inavyosimama, maana shafti iliyonyooka hutulia taratibu, iliyopinda hutetemeka hadi mwisho. Akauliza mota imesukwa kwa waya wa shaba au wa alumini. Akauliza fezi ngapi, kwa sababu mota ya fezi tatu ni pambo tu mahali penye fezi moja. Kisha akamrudishia mchomeleaji, akamwambia aweke kifuniko juu ya diski na juu ya mkanda, la sivyo hanunui. Mchomeleaji alilalamika kwamba hakuna mteja mwingine anayedai vifuniko. Akaviweka.

Mashine ile inatuokoa mgongo. Haitufanyi mafundi, ila. Paina tunayoipata hutoka Mufindi, mashamba ya Sao Hill, na mara nyingi hushushwa ikiwa bado na maji. Upepo wa kiangazi wa Singida unaukausha ubao kama unavyokausha nyama. Mlango uliotengenezwa Juni kwa mbao mbichi, ifikapo Septemba kitasa hakikutani na fremu. Hakuna mashine inayotibu hilo. Dawa yake ni kupanga mbao kivulini na vijiti katikati, kusubiri, kisha kukata tundu na ulimi kwa patasi kali ili viungo vishikane kabla gundi haijaguswa. Mwaka 2016 nchi nzima ilikimbizana na madawati, na kila mkoa ulitangaza idadi yaliyokabidhiwa. Ningependa siku moja tutangaziwe yanayokaliwa hadi leo.

Najua utasema nini. Zana nzuri ni ghali, na mimi ninahubiri anasa kwa watu wanaotafuta mlo. Hoja hiyo naiheshimu kuliko ile methali, lakini imekosea hesabu. Randa ninayoitumia ni Stanley namba 4. Umbo lake ni la Leonard Bailey, ambaye kampuni ya Stanley ilinunua hataza zake mwaka 1869, na ukiweka ya leo kando ya ya babu yake utatambua ni ukoo mmoja. Yangu niliinunua ikiwa na kutu kwa mjane wa seremala wa misheni, kwa shilingi 70,000, wakati dukani randa mpya yenye bonde ilikuwa 25,000. Kutu hutoka kwa msasa na mafuta ya taa. Bonde halitoki kirahisi, na chuma laini hakigeuki kigumu kwa kusuguliwa. Huko Uingereza shirika liitwalo Tools for Self Reliance lilianza kukusanya zana kukuu mwaka 1979, likizisafisha na kuzituma Afrika, Tanzania ikiwemo. Sipendi sana habari za misaada, lakini angalau hao waliona kwamba kitu kikuukuu chenye chuma kizuri kinamfaa fundi kuliko kipya kisicho nacho.

Na wewe msomaji unayelalamika kwamba mafundi wetu ni wababaishaji, kisha unanunua kabati la unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, linalovimba siku ndoo ya maji ikimwagika: nenda Nungwi ukawatazame waunda majahazi. Tezo, keekee ya kuzungushwa kwa upinde, msumeno, patasi. Utasema ni zana duni. Omba uguse makali ya tezo ile, kwa tahadhari.

Turudi kwenye sanduku. Karatasi ya makabidhiano ililithamini kwa shilingi 480,000. Kwa bei tulizolipa sisi, randa kukuu ni 70,000. Patasi mbili za chuma cha kweli, 40,000. Msumeno wa kunoleka 35,000, na tupa ya pembe tatu 5,000. Skwea 15,000. Kipande cha kioo na karatasi za msasa wa maji, kuanzia namba 400 hadi 1,200, zinazobandikwa juu yake kuwa kinoo, 10,000. Jumla 175,000. Zinabaki 305,000, ambazo zingemlisha kijana karakanani kwa miezi miwili, kama elfu 5 kwa siku, wakati anajifunza kunoa.