Sarufi ya faili iko wapi?

Leo tuweke pembeni mambo ya boom na test tuongelee sarufi. Si ile ya ngeli, hii ni ya kompyuta, ila mtaona ni ndugu kabisa.

Ukitengeneza programu kwa Python ukataka kuwagawia wenzako, unaifunga kama kifurushi na kuweka faili la maelezo: jina, toleo, inategemea vifurushi gani. Njia moja ni setup.cfg, ya mtindo wa INI. Sasa uliza, kanuni rasmi za kuandika mtindo huo ziko wapi? Hazipo! Kanuni ni ile programu inayolisoma faili; ikikubali basi umepatia. Na kisomaji cha Python 2.7 na kile cha Python 3 havikubali vitu vilevile. Jamani, huyo si mwalimu anayesahihisha bila mwongozo wa maksi? Akija mwingine, jibu lilelile anakupa sifuri.

Mwaka 2016, kwenye pendekezo linaloitwa PEP 518, watu wa Python walilisema tatizo hilo waziwazi wakachagua TOML. YAML waliikataa, mojawapo ya sababu ikiwa maelezo yake yanafika kurasa 86 ukiyachapa (nani atasoma?). TOML, iliyoanzishwa na Tom Preston-Werner mwaka 2013, sarufi yake imo kwenye faili moja tu, toml.abnf. Humo unakuta kanuni kama hii: ingizo ni jina, likifuatiwa na alama ya sawasawa, kisha thamani. Waliosoma sintaksia wameshaitambua, ni S → KN + KT ileile!

Kuna wanaosema mifano inatosha. Mi nakataa. Mfano unakuonyesha kinachokubalika, haukuonyeshi mpaka uko wapi. Andika toleo 3.10 bila alama za nukuu, TOML inalisoma kama namba, na kihesabu 3.10 ni sawa na 3.1. Toleo la kumi limegeuka la kwanza hivi hivi. Sarufi inakwambia mapema kwamba namba na maneno ni vitu viwili.

Kweli, haimalizi yote. Kurudia jina moja mara mbili TOML inakataza, lakini katazo hilo liko kwenye maelezo ya kawaida, sarufi yenyewe inalipitisha. Sawa tu, hata "meza imekula jiwe" kisarufi haina kosa. Wa kompyuta mnaobisha, tukutane kantini.