Sophocles na watoto wa Kasoli

Jamani, leo tuongee kuhusu tamthiliya. Si zile za Kifilipino za kwenye runinga. Nazungumzia zile za darasani.

Mwaka 2020, korona ilipofunga majumba ya maonyesho duniani, kituo cha masomo ya Kigiriki cha Chuo Kikuu cha Harvard kilishirikiana na kundi la Out of Chaos kusoma na kuigiza tamthiliya za Ugiriki ya kale kupitia YouTube. Kila mwigizaji alikuwa nyumbani kwake, na sisi tuliangalia bure. Kwa nini na sisi tusiwe na tamasha la namna hiyo la shule zetu, ambalo hata mwanafunzi wa Kasoli, kule Bariadi mkoani Simiyu, atashiriki na mwalimu wake?

Najua utakachosema. Mtoto wa mkulima wa pamba na Sophocles, wapi na wapi?

Ndugu yangu, hawako mbali hivyo. Tamthiliya za Athens zilikuwa mashindano ya sikukuu, zikiwa na waamuzi, washindi na kundi la kuimba na kucheza. Sasa muulize Msukuma habari za Bagika na Bagalu, makundi ya ngoma yanayoshindana baada ya mavuno, kila moja likivuta watu upande wake. Mtoto aliyekulia kwenye ushabiki huo utamfundisha nini kuhusu kiitikio?

Lugha nayo si kisingizio. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, akiwa Rais! Samuel Mushi akamleta Sophocles kwa Kiswahili katika Mfalme Edipode, mwaka 1971. Ni hadithi ya mfalme anayeamuru uchunguzi ili kumpata aliyeuletea mji balaa, halafu uchunguzi unamrudia yeye mwenyewe. Mtanzania gani atashindwa kuielewa hiyo?

Tatizo letu ni kwamba tamthiliya tumeigeuza notisi. Mwanafunzi anamaliza kidato cha nne akiweza kuorodhesha dhamira za Kilio Chetu au Orodha, lakini hajawahi kusimama akatamka hata mstari mmoja kwa sauti. Ni sawa na kukariri mapishi ya pilau ukajiita umeshiba.

Tamasha likija, mimi nina masharti matatu. Moja, liwe kwa Kiswahili. Mbili, maigizo yarekodiwe kabla, yasirushwe moja kwa moja. Simu ya mwalimu na uwanja wa shule vinatosha, na video ataituma siku akienda Bariadi mjini. Tatu, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ikae meza moja na Edipode, isiwekwe kama kiburudisho cha pembeni.

Tukiyapuuza hayo, litakuwa tamasha la shule chache za ada kubwa za Dar, zenye kompyuta na intaneti ya kasi. Watoto wa Kasoli watabaki watazamaji, kama kawaida yetu.

Nami sitaki wawe watazamaji. Binti aliyezoea kusimama mbele ya watu na kumuuliza mfalme maswali magumu, kesho hatashindwa kumuuliza mwenyekiti wa kijiji fedha za michango zimekwenda wapi. Au nyie wenzangu mnaonaje?