Mtungi Chini ya Kitanda

Mtungi wa gesi aliopewa mama yangu upo chini ya kitanda, umefunikwa kanga, mtupu. Naanza na huo kwa sababu nimechoka kusikia mipango ya nishati ikisimuliwa kwa idadi ya mitungi iliyogawiwa.

Nia siipingi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mwenye kubeza hayo hajapata kukaa jikoni Kamachumu wakati wa masika, kuni za mkaratusi zikiwa mbichi. Ninachopinga ni hesabu inayoanzia ghalani badala ya kuanzia kwa mpikaji.

Ndugu msomaji, tazama nyumba zetu. Msonge wa Kihaya uliezekwa kwa nyasi za rweya, na moshi ulipenya polepole humo, ukifukuza wadudu. (Sisemi turudi huko; macho ya bibi zetu yaliijua gharama yake.) Tukaja tukaezeka mabati, na jiko tukalisukumia nyuma ya nyumba, katika kibanda chenye dirisha la ukubwa wa kitabu. Moshi ukabaki humo na wanawake, watoto wakiwa mgongoni.

Kisha ukaja mtungi. Maharage hukaa motoni saa mbili, hata tatu, na ndizi nazo zina zamu yake. Fedha yetu hufuata kahawa, na kahawa huvunwa katikati ya mwaka. Mama alimwuliza kijana aliyekuja kugawa: “Mwanangu, ukiisha Februari nitaujaza kwa kahawa ipi?” Akajibiwa kwamba gesi ni nafuu kuliko kuni. Waitu! Nafuu kwa nani? Kuni mama anaziokota kibanjani. Gesi hushushwa pwani, ikapanda barabara zaidi ya kilomita 1,000 kutufikia, na nauli hiyo yote humwangukia mnunuzi wa mwisho.

Wapangaji wangepita kitongoji kwa kitongoji, waingie jikoni, waandike: paa likoje, moshi unatokea wapi, kuni zinakaushwa wapi, umeme umefika au nguzo zimeishia barabarani, kuna mshahara au kuna kahawa tu. Mwenye mshahara apewe mtungi, ataujaza. Mwenye umeme apewe jiko la umeme la presha, maana huivisha maharage kwa umeme kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mwenye kahawa tu aanze na jiko banifu lenye dohani, paa lililoinuliwa na kibanda cha kukaushia kuni. Nitaambiwa kuni si nishati safi. Kweli, si safi. Lakini mtungi mtupu haupunguzi hata chembe ya moshi, ingawa katika taarifa kaya hiyo imekwisha hesabiwa.

Desemba iliyopita mimi na mdogo wangu tulilipandisha paa la jiko la mama kwa upana wa kiganja, tukajenga dohani ya matofali. Ilituchukua siku mbili. Siku ya tatu mvua ilinyesha, mama akafunga mlango, akakaa ndani akimenya ndizi. Kikohozi hakijaisha. Lakini alikaa.