Taji la Plastiki Lisiwapime Watoto Wetu

Liko jambo ambalo wengi wetu hulipita tukidhani ni mchezo wa watoto. Filamu za Marekani zinazohusu wanafunzi wa sekondari zimeenea mtaa wetu wote wa Nyalenda hapa Kisumu, A na B, tangu Ring Road hadi ufuoni Dunga. Kijana hupeleka flashi kwenye duka la muvi akajaziwa, kisha akatazama kwenye simu ya dada yake. Aliye bwenini huzitazama Jumamosi usiku pamoja na wenzake katika ukumbi wa maakuli. Humo anafundishwa nani mzuri, nani maarufu, na nani wa kuchekwa. Mimi nasema somo hilo ni la uongo, na sisi wazazi na walimu tumenyamaza mno.

Angalieni jinsi hadithi hizo zinavyosukwa. Shule imegawanywa matabaka. Juu wamekaa wanamichezo wenye vifua vipana na wasichana wenye nywele ndefu, nguo mpya na magari. Chini kabisa yupo mpenda vitabu mwenye miwani. Siku moja huyo wa chini anashikwa mkono, anavuliwa miwani, anatengenezwa nywele, anavishwa gauni. Anaposhuka ngazi, wavulana wanaduwaa, na tangu hapo anahesabiwa kuwa mtu. Ndivyo ilivyo katika She's All That ya 1999. Ndivyo ilivyo katika The Princess Diaries ya 2001, ambamo nywele za mawimbi za msichana zinanyooshwa ili afanane na binti mfalme. Na hata katika Grease ya 1978, binti mpole anamaliza hadithi amevaa suruali nyeusi ya kubana ili afanane na wale aliotaka wampokee. Miaka inapita, nguo zinabadilika, lakini fundisho ni lile lile: geuza sura yako kwanza, ndipo upendwe.

Sasa tazameni hila iliyomo. Wale tunaowaona kama wanafunzi ni watu wazima. Stockard Channing alikuwa na umri wa miaka 33 alipoigiza mwanafunzi katika Grease. Rachel McAdams alikuwa na miaka 25 Mean Girls ilipotoka mwaka 2004, naye alicheza kama malkia wa shule. Nyuma ya kila uso kuna mpambaji, mtengeneza nywele na fundi wa taa. Na yule anayeitwa hana sura alichaguliwa miongoni mwa warembo tangu mwanzo, akafichwa kwa miwani na sweta kubwa ili baadaye afichuliwe. Mtoto wetu wa miaka 15, mwenye chunusi na sauti inayokatika, anajilinganisha na mtu mzima aliyepambwa kwa kazi, halafu anajiona ana kasoro. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mizani hiyo ya urembo ikiletwa Nyalenda, huumiza zaidi. Msichana wetu amenyoa nywele kwa sheria ya shule. Ngozi yake ni nyeusi kama ya mama yake. Sare anayo moja, huifua jioni na kuianika usiku, na shuleni huenda kwa miguu. Kwa kipimo cha filamu hizo, yeye hata chini hayupo. Katika Mean Girls iliyotengenezwa upya mwaka 2024, mhusika mkuu anahamia Marekani kutoka Kenya, lakini ni binti wa kizungu. Nchi yetu imekuwa mahali pa kuanzia safari tu, na mabinti zetu hawamo katika hadithi.

Wavulana nao hawakusalimika. Nendeni kwa fundi wa cherehani kando ya barabara shule zinapofunguliwa. Mvulana wa sekondari analeta suruali ya sare. Mama yake aliinunua pana makusudi, imfikishe mwisho wa shule. Yeye anataka ifinywe mpaka kisigino kipite kwa shida, maana ndivyo wanavyovaa wanaotazamwa. Fundi anaipindua, anachora kwa chaki, anapitisha mshono mpya, kisha anakata kitambaa kilichozidi. Kikishakatwa, hakuna cha kufumua mtoto atakaponenepa. Kabla ya mwaka kwisha, mama huyo, labda muuza omena au mboga, anatafuta pesa za suruali nyingine.

Hasara ya suruali ni ndogo. Msichana aliyeaminishwa kwamba uzuri ni weupe atatafuta krimu ya kujichubua. Shirika la Viwango la Kenya limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kwa sababu zebaki huharibu figo na haidrokwinoni huweza kuiacha ngozi na madoa yasiyotoka, lakini bidhaa hizo zingali zinauzwa kwa siri. Na aliyeaminishwa kwamba umaarufu hununuliwa kwa nywele, manukato na simu atajiuliza pesa zitatoka wapi. Hapo ndipo sponsa, mwanamume wa rika la baba yake, hujitokeza na mkono uliojaa. Filamu haionyeshi yanayofuata baadaye: mimba, ugonjwa, na masomo yaliyokatika. Wazazi wenzangu, hayo tunayajua kwa sababu tumeyaona katika ploti zetu.

Kisumu inaye shahidi ambaye dunia nzima inamfahamu. Lupita Nyong'o, ambaye baba yake Profesa Anyang' Nyong'o amekuwa gavana wa kaunti hii tangu 2017, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Mwaka huo huo alisimama mbele ya wanawake wenzake huko Marekani akaeleza kwamba alipokuwa mdogo alimwomba Mungu aamke siku moja akiwa mweupe, na kila asubuhi akakimbilia kioo akitumaini kuuona uso wake umegeuka. Alisema televisheni ilimwonyesha weupe tu. Alisema pia kwamba mama yake alimwambia uzuri hauliwi, naye alichelewa kuelewa. Ikiwa mtoto wa profesa aliumizwa hivyo na picha, wa kwetu atapona kwa lipi tusipomsemesha?

Najua wapo watakaosema kwamba hizi ni burudani tu, na vijana wanaelewa kuwa ni maigizo. Watasema pia kwamba baadhi ya filamu hizo zinakemea majivuno. Ni kweli. Katika Mean Girls, binti anayeshinda taji la malkia analivunja vipande na kuwagawia wenzake, maana ni plastiki tu. Hilo ni funzo jema. Lakini niambieni, vijana waliiga nini? Waliiga kuvaa rangi ya waridi siku ya Jumatano, kama lile kundi la wasichana wenye kiburi katika filamu hiyo. Macho hukamata nguo upesi kuliko mawaidha, na saa nzima ya kuusifu urembo haifutwi na dakika tano za toba mwishoni. Kwa hiyo kuelewa kwamba ni maigizo hakutoshi. Kijana anahitaji mtu wa kuzungumza naye juu ya alichokiona.

Wala sisemi tuwanyang'anye simu au tuzipige filamu marufuku. Leo tukifunga mlango huu watapita mwingine. Nasema tuketi nao. Mzazi, tazama filamu moja na mwanao hata kama huipendi, kisha muulize: Nani analipia nguo zile? Huyu mwanafunzi ana umri gani kweli? Kwa nini alipendwa baada ya kuvua miwani? Mwalimu, usizime mashine Jumamosi usiku ukawatawanya. Wape robo saa wabishane. Na shule zinazopeleka wanafunzi katika Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu ziwaache watoto watunge maisha yao wenyewe: mtu wa kwao, lugha ya kwao, rangi ya kwao.

Na tupange upya heshima tunazozigawa. Katika kila shule yupo anayewaeleza wenzake hesabu saa ya chakula, yupo anayekariri ngonjera ukumbi ukatulia, yupo anayeokoa mpira golini, yupo anayebeba begi la rafiki mgonjwa. Hao waitwe mbele gwarideni, majina yao yatajwe mbele ya wazazi. Kijana hutafuta sifa pale zinapotolewa. Tukizibana nyumbani na shuleni, atazifuata kwenye skrini na kwa sponsa.

Nanyi vijana wetu, hamna deni la sura kwa mtu yeyote. Someni, chezeni, imbeni, pendaneni kwa adabu, na mkiona filamu inawaambia mjichukie, ijueni kuwa imewadanganya. Sisi watu wazima tuanze wiki hii hii: kila mmoja amwambie mtoto wake waziwazi, kwa kinywa chake, jambo jema aliloliona katika tabia yake.