AKIBA YA MTUMISHI HAINA BUDI ILINDWE

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba isiyolindwa huliwa, na mwenyewe huja kutambua siku ya kustaafu.

Twayasema haya tukiwatazama walimu wa shule za serikali nchini Marekani. Tangu mwaka 1961, sheria ya kodi imewaruhusu kuweka sehemu ya mishahara yao katika mpango wa uzeeni ujulikanao kama 403(b). Nia ilikuwa njema. Lakini sheria kuu ya mwaka 1974, iliyowekwa kulinda akiba za wafanyakazi wa makampuni, haiwahusu watumishi wa serikali. Kwa hiyo mawakala wa bima wameingia hadi mashuleni kuuza mikataba yenye ada nzito, na adhabu juu yake kwa atakaye kuhama mapema.

Ada ndogo si ndogo. Mwalimu awekaye dola 100 kila mwezi kwa miaka 30, fedha zikizaa asilimia 6 kwa mwaka, atapata kama dola 91,000 ikiwa ada ni nusu ya asilimia moja. Ada ikiwa asilimia 2, atapata kama dola 69,000 tu.

Mwaka 2020, wasimamizi wa masoko ya mitaji wa nchi hiyo waliiadhibu kampuni moja kwa kuwaficha walimu wa Florida kwamba chombo cha vyama vyao wenyewe kilikuwa kikilipwa ili kuipendekeza kwao.

Ndugu askari na polisi, jambo hili si geni kambini. Askari wa Marekani nao waliuziwa mipango iliyoweza kukata hadi nusu ya malipo ya mwaka wa kwanza. Mwaka 2006 Bunge lao likapiga marufuku mauzo hayo. Twauliza: ikiwa askari alistahili ngao hiyo, mwalimu amekosa nini?

Jimbo la California limeonyesha njia kwa kuzitangaza hadharani ada za mipango hiyo. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Sheria haina budi imlazimishe muuzaji kutanguliza faida ya mwenye akiba.

Nanyi, kabla ya kutia saini karatasi yoyote ya akiba, hata ikiletwa na mwenzenu mnayemwamini, ulizeni: nani analipwa, na analipwa kiasi gani?