Goma: Mwenye mbwa aulizwe kadi ya chanjo, siyo feza ya ziada

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Mkaaji anayetoka Goma kwenda Bukavu kwa boti, ama Rutshuru kwa gari, akiwa na mbwa wake, mara nyingi anakutana na swali moja tu: "Utaongeza ngapi?" Wakipatana bei, mbwa anatiwa ndani ya mfuko ama anasukumwa chini ya mizigo, na safari inaanza. Hakuna aliyeuliza kama mbwa huyo amechanjwa. Asiye na feza ya kuongeza anafukuzwa, hata kama mbwa wake amepata chanjo zote.

Hapo ndipo kosa liko. Ile feza inaingia katika mfuko wa mtu mmoja, lakini hatari inabaki kwa abiria wote.

Wengine watasema mbwa siyo jambo la kuzungumzia wakati watu wana shida ya vita, njaa na kuhamahama. Lakini mbwa wako ndani ya shida hizo hizo. Katika mitaa mingi ambamo umeme haupo na wezi wanatembea usiku, mbwa ndiye mlinzi wa kwanza wa lupango. Familia ikihama, lazima iamue kama inahama naye ama inamwacha.

Wakaaji wa Goma wanajua uamuzi huo unavyokuja bila kupiga hodi. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, jioni, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Siku tano nyuma yake, tarehe 27, gavana wa kijeshi aliamuru watu wa mitaa 10 ya mji waondoke. Maelfu na maelfu walielekea Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda, wengine kwa miguu, wengine kwa boti. Katika kukimbia kwa namna hiyo, mbwa anayeachwa amefungwa kwenye mti anakufa kwa njaa na kiu. Anayeachwa bila kamba anazurura, anatafuta chakula kwenye takataka, anajiunga na wengine, na siku moja anamuuma mtoto. Anayechukuliwa anafikishwa katika nyumba ya ndugu ama rafiki, na nyumba hiyo pia ina watoto. Mwenye nyumba ana haki ya kujua ni mnyama wa namna gani anayeingizwa kwake.

Ugonjwa unaoogopwa ni kichaa cha mbwa, ambao wengi wanauita kwa Kifaransa rage. Unapita katika mate, mbwa mgonjwa anapomuuma mtu ama kumlamba kwenye kidonda. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linakadiria kwamba unaua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia, na katika kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa.

Aliyeumwa anapaswa kuosha kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, kisha kukimbia kwenye kituo cha afya kwa ajili ya sindano. Sindano hizo siyo moja, zinatolewa kwa siku mbalimbali. Kwa mama anayeuza ndizi barabarani, kuzipata na kurudi tena na tena ni mzigo mkubwa. Chanjo ya mbwa ni rahisi kuliko mzigo huo, na inaweza kuanza mbwa akiwa na miezi mitatu. OMS inasema mbwa 70 kwa kila 100 wakichanjwa katika eneo moja, ugonjwa unakatika.

Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi, mwenye mbwa aulizwe kadi. Kadi nzuri inaonyesha tarehe ya chanjo, siku ya kuirudilia, jina na muhuri wa veterineri, na kile kikaratasi kilichobanduliwa kwenye chupa ya dawa. Asiye nayo asisafiri na mbwa siku hiyo, hata akitoa dola ngapi. Aliye nayo apewe nafasi kwa bei inayojulikana na wote, iliyoandikwa ukutani, siyo bei ya kunong'onezana.

Abiria wengine nao wana haki zao. Kuna Mwislamu ambaye hataki mate ya mbwa yaguse nguo yake kabla ya sala. Kuna mtoto aliyekwisha kuumwa, anayetetemeka akisikia mbwa anabweka. Hao wasichekwe. Mbwa akae nyuma, kwa kamba fupi, karibu na bwana wake, mbali na chakula cha watu. Akichafua, bwana wake asafishe mwenyewe. Mbwa mgonjwa, ama jike mwenye watoto wachanga, abaki nyumbani kama hakuna hatari inayofukuza watu.

Desturi ya kumfunga mbwa mdomo kwa kamba na kumtia ndani ya mfuko wa unga inapaswa kuachwa. Mbwa hatoki jasho kama mtu. Anapoza mwili wake kwa kuhema, mdomo wazi na ulimi nje. Ukimfunga mdomo kwa nguvu katika joto la gari lililojaa, unamzuia kupumzisha mwili, na anaweza kufa kabla ya kufika. Akipona, anatoka mle ndani na woga na hasira, na mtu wa kwanza kumgusa ndiye anaumwa. Kikapu chenye matundu ama kisanduku cha mbao kinatosha kwa mbwa mdogo. Kwa mkubwa, kuna vifunga mdomo vinavyomwacha ahema na kunywa maji. Na wamotari wakatae kabisa kumfunga mbwa kamba ili akimbie nyuma ya pikipiki.

Pingamizi kubwa ni hili: wakaaji hawana feza ya chanjo, na veterineri yuko mbali. Ni kweli, na hapo serikali haiwezi kukwepa. Huwezi kudai kadi kwa mtu ambaye hukumwonyesha mahali pa kuipata. Idara ya mifugo, pamoja na machefu wa mitaa, ipange siku ya chanjo kwa bei ndogo ama bure, karibu na watu, hata katika makambi ya waliohama. Kila tarehe 28 mwezi wa tisa ni Siku ya Dunia ya kupiga vita ugonjwa huu. Siku hiyo isiishie kwenye hotuba za redio, watu waone sindano.

Wanaovuka mpaka wanajua tayari kwamba nchi jirani inaweza kudai cheti cha afya na cha chanjo kabla mbwa hajaingia. Kama karatasi inaweza kuombwa kwenye kizuizi cha mpaka, hakuna sababu isiombwe kwenye bandari na kwenye maegesho ya magari hapa nyumbani.

Wenye boti na magari wanaweza kuanza hata juma hili, bila kungoja amri kutoka Kinshasa: tangazo moja ukutani, bei moja, swali moja. Na mwenye mbwa aweke kadi ile pamoja na kadi yake ya uchaguzi na karatasi za watoto, ndani ya plastiki moja, karibu na mlango. Siku ya kukimbia haimpi mtu nafasi ya kutafuta.