Kazi ya Tatu

Leo naomba tuyaweke mapenzi pembeni kidogo. Nina la kukiri kuhusu mdogo wangu, ambaye anaishi kwangu tangu amalize kidato cha sita.

Binti anataka kuwa daktari wa meno. Matokeo yake yalikuwa C ya Baiolojia, D ya Kemia na S ya Fizikia. Waliopita huko wanajua: S haikufikishi popote. Ukitaka udaktari wa meno pale Muhimbili, masomo yote matatu yawe na ufaulu kamili, ambao unaanzia E, na kwa ushindani uliopo hiyo E nayo si ya kujivunia. Basi akaamua kurudia yote matatu kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani Mei. Tyusheni anajilipia mwenyewe, kwa mshahara wa mapokezi kwenye kliniki moja ya meno hapa Dar.

Siku moja akarudi na jaribio la Fizikia: 28. Mimi nimetoka kufunga toleo, nimechoka hoi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, labda hili si fungu lako. Si usome kitu kingine tu?" Na mchumba wake naye alishaanza kuhesabu: miaka mitano ya chuo, mmoja wa mafunzo kwa vitendo, harusi lini?

Hakulia. Alichukua bili ya maji, akaigeuza, akaanza kuandika. Kuamka saa kumi na moja alfajiri. Kazini saa mbili mpaka saa kumi na moja jioni. Tyusheni mpaka saa moja na nusu. Foleni, nyumbani saa mbili na nusu. Halafu akaandika: kupika, kumwogesha mtoto, homuweki ya mtoto, vyombo. Saa tano usiku. Akanisogezea.

"Dada, hapo Fizikia niiweke wapi?"

Jamani, nilinyamaza. Siku zote nilikuwa nasema binti ana kazi mbili, ofisi na kitabu. Kumbe ya tatu nilimpa mimi, na ndiyo iliyokuwa inakula masomo. Yule mtoto ni wangu. Vile vyombo ni vyangu. Kila nilipochelewa ofisini nilijua yupo wa kunishikia, na sikuwahi kumwuliza anashikiwa na nani.

Usiku ule ule nilikaa na baba watoto. Sasa yeye anapika Jumatatu hadi Jumatano, mimi siku zilizobaki, na ugali wake tumeuzoea. Mdogo wangu alikwenda kwa bosi wake akaomba Jumamosi zote, akakubali kukatwa mshahara. Pengo la tyusheni tunalijazia sisi. Mchumba ameambiwa ukweli wote: ni miaka sita, asubiri au aseme mapema. Anasema anasubiri. Tutaona.

Na kuna mpango wa pembeni, maana mtihani hauna undugu. Mambo yakigoma, kuna stashahada ya tabibu wa meno, miaka mitatu, inayoingiwa kwa matokeo ya kidato cha nne. Si aibu. Mwanzoni hakutaka hata kuisikia. Sasa fomu ameziulizia mwenyewe.

Wiki iliyopita kaleta jaribio jingine: 41. Hiyo ni E, hatukupika pilau. Ila aliibandika kwenye friji, juu ya ile bili ya maji.

Wewe unayeishi na mtu anayefanya kazi huku anasoma, awe mke, mume, mdogo au shemeji, kabla hujamwambia hana akili ya darasani, kaa naye mhesabu masaa yake kwa kalamu. Ukikuta kuna kazi ya tatu, angalia ni ya nani.

Tukutane mwezi ujao. Leo Alhamisi, zamu yangu jikoni.